Tupime Kwanza, Ndipo Tuunge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo lililowagawa wanachama wa chama chetu cha sayansi, nalo ni mtambo wa kuotesha mboga bila udongo tunaokusudia kuujenga nyuma ya maabara. Katika mkutano wetu wa mwisho wengine walisema tuunge mabomba yote upesi, ili siku ya wazazi ikifika wageni waone maji yanazunguka na mboga zimesimama. Wengine walisema la, kwanza kila sehemu ya mtambo ijaribiwe peke yake, hata kama siku ya wazazi itapita mtambo haujasimama. Mkutano ulikwisha bila shauri kukatwa. Mimi ni wa upande wa pili, na ningependa wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu wajue sababu zangu, maana fedha na maji yatakayotumika ni yetu sote.

Huenda wako wazazi watakaouliza, mboga bila udongo ni mambo gani haya? Jibu lake si gumu. Mmea hauli udongo. Mmea hunywa maji yenye chumvi za namna mbalimbali zilizoyeyuka ndani yake, kama vile naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na chuma, na udongo ni ghala ya chumvi hizo na mahali pa mizizi kujishikiza. Ukiweza kuupa mmea maji yenye chumvi hizo kwa kipimo, na hewa ya kutosha kwenye mizizi, na kitu cha kushikilia shina, basi utaota. Kilimo hiki huitwa haidroponiki. Mtambo tunaoutaka sisi ni wa mabomba ya plastiki yaliyolazwa kwa mteremko mdogo, yenye matundu juu yake ya kutia vikopo vya miche. Pampu huyapandisha maji kutoka katika pipa, nayo hupita taratibu chini ya mizizi na kurudi katika pipa lile lile. Maji yale yale huzunguka tena na tena, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa watu wa mahali pakavu.

Sisi tu watu wa mahali pakavu. Mvua ya Singida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Kila aliyekaa bweni anajua jinsi mboga ya majani inavyopungua jikoni mwezi wa Agosti na Septemba, na jinsi ndoo moja ya maji inavyohesabiwa. Kwa hiyo sikatai mtambo huu, bali nautaka sana. Lakini kwa kuwa nautaka, sitaki uwe kitu cha kupigiwa makofi siku moja, kisha mabomba yake yakaukie juani mpaka yapasuke.

Wenzangu husema, “Kwa nini tujisumbue kupima? Njia hii imekwisha jaribiwa na wataalamu Ulaya na Marekani, tufuate tu kitabu.” Ni kweli imejaribiwa. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuwa wakiotesha mimea katika maji yenye chumvi katika miaka ya 1860. Lakini ajaribuye mahali pengine hukujaribia pale alipo yeye. Maji yake si maji yako, wala jua lake si jua lako.

Tena historia ya kilimo hiki yenyewe ina somo kwa wale wapendao maonyesho. Neno haidroponiki lilitangazwa mwaka 1937 na William Gericke wa Chuo Kikuu cha California. Bwana huyu aliotesha minyanya katika maji mpaka ikafika urefu wa kama futi 25, na magazeti yakamwimba sana, na watu wengi wakadhani udongo sasa umepitwa na wakati. Chuo kikawataka wataalamu wengine wawili, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wachunguze jambo hilo kwa kipimo. Mwaka 1938 walitoa kijitabu chao. Walieleza kwamba mimea iliyooteshwa katika maji haikuishinda ile iliyooteshwa katika udongo mzuri uliotunzwa vema, ila njia hiyo yafaa pale ambapo udongo haufai au haupo. Wakaandika pia kipimo cha chumvi walizotumia. Leo, miaka zaidi ya 80 baadaye, maabara za shule na vyuo duniani bado huchanganya dawa ya Hoagland, bali minyanya ya futi 25 imebaki kuwa hadithi.

Hata hapa kwetu tunao mfano, na hauko mbali. Mwaka 1946 wajumbe watatu waliletwa na serikali ya Uingereza kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi katika Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa majuma tisa, kisha wakaandika kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zaweza kulimwa kwa mashine. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, kwa jirani zetu wa Dodoma, na baadaye Urambo na Nachingwea. Hapakuwa na shamba dogo la majaribio kwanza. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua ilipokatika, udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi ulikauka ukawa kama sakafu, majembe yakavunjika, na karanga zilizokuwa chini zikawa ngumu kung'olewa. Mwezi Januari mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ikahesabiwa kuwa kama paundi milioni 36. Wazee wa Ugogo waliijua mvua yao na udongo wao miaka yote hiyo. Kama ekari chache zingalilimwa kwa misimu miwili au mitatu kabla ya kuagiza mashine, udongo wenyewe ungalitoa jibu kwa gharama ndogo.

Sisi hatuna paundi milioni 36 za kupoteza. Tunayo michango ya wazazi, mabomba machache, pampu moja na pipa moja. Kwa hiyo yatupasa kuwa waangalifu kuliko waliokuwa nazo.

Sasa nieleze ni nini hasa ninachotaka kijaribiwe, maana kusema “tujaribu” ni rahisi, na pengine mtu hulisema neno hilo ili asifanye kazi.

Kwanza ni maungio ya mabomba. Tuunge vipande viwili tu, tuzibe mwisho, tujaze maji, tutie alama ya kalamu palipofika maji, tuache usiku na mchana. Wako watakaocheka wakiona tone moja likidondoka, waseme tone ni kitu gani. Basi tuhesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 ni kama mililita moja. Basi tone hilo ni lita 4 na zaidi ya robo kila siku, au lita 30 kwa juma. Mboga zikikaa majuma kumi, pengo hilo moja litakuwa limemeza ndoo 15 za lita ishirini, na kila ndoo ilibebwa kichwani na mtu. Maungio ya mtambo wetu hayatakuwa moja wala mawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta wetu ni wa maji. Tena jaribio hili lisifanywe asubuhi peke yake. Tulipojaribu maungio yaliyofungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, asubuhi yalikuwa makavu kabisa, lakini saa nane mchana, plastiki ilipopata moto wa jua na kunyumbuka, yalianza kutoa machozi. Aliyepima asubuhi tu angaliandika “hayavuji,” naye asingalikuwa amesema uwongo, ila mtambo ungalivuja vile vile.

Pili ni mteremko. Vitabu husema bomba literemke sentimita 1 hadi 3 kwa kila mita ya urefu. Likiteremka kidogo mno maji hutuama na mizizi hukosa hewa, na likiteremka mno maji hupita mbio kabla ya mizizi kunywa. Fundi mwashi ana kifaa chake kiitwacho pima maji, na asiye nacho aweza kutumia mpira mwembamba uonyeshao maji ndani yake. Lakini upepo wa Singida ni hodari. Kichanja kilichonyooshwa leo chaweza kuwa kimeinama keshokutwa. Basi tukisimamishe kichanja kitupu, bila mboga, tukipime leo na baada ya juma moja, tuone kama kimekaa.

Tatu ni pampu. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu boksi la pampu huandikwa idadi kubwa ya lita kwa saa. Kwa kawaida idadi hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji juu hata kidogo. Kadiri unavyoyapandisha, ndivyo yanavyopungua, mpaka kimo fulani ambapo hayatoki kabisa. Kila bomba la mboga lahitaji kama lita 1 hadi 2 kwa dakika. Tukiwa na mabomba manne, basi ni lita 4 hadi 8 kwa dakika. Kwa hiyo twaweka ndoo ya lita ishirini pale juu hasa patakapokaa mabomba, twawasha pampu, twatazama saa. Ndoo ikijaa kati ya dakika mbili na nusu na dakika tano, pampu yafaa. Ikichukua dakika kumi, haifai, na ni heri tujue leo, ilhali risiti ya duka bado tunayo.

Kadhalika tuuzime umeme kwa makusudi. Katika mtambo wa namna yetu mizizi haina maji mengi ya kujiwekea akiba, na pampu ikisimama mchana wa jua kali miche huanza kunyauka kwa saa chache. Umeme hukatika, wala mboga hazijui sababu. Basi tutie miche michache tu, tuzime, tuandike ilinyauka baada ya muda gani, ndipo tujue kama twahitaji paneli ya jua na betri, au kama ni afadhali kutumia njia nyingine, kama ile ya utambi, ambayo haina pampu kabisa. Kwa utambi napo pana la kujaribu. Chukua uzi wa sweta kuukuu, kipande cha kanga ya pamba na kamba ya katani, vyote vya urefu mmoja, vitie ncha katika maji yenye wino, kisha pima kwa rula ni upi uliopandisha wino juu zaidi kwa saa moja. Hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kulifanya jaribio hili, na gharama yake ni wino tu.

Nne ni maji yenyewe. Watu wa Singida hatuhitaji kufundishwa kwamba maji huficha mambo. Tunayo maziwa mawili pembeni mwa mji, Singidani na Kindai, nayo yote ni ya chumvi. Visima vya sehemu kadhaa za mkoa wetu vina floraidi, ambayo haionekani wala haina harufu, lakini huonekana baadaye katika meno ya watoto. Basi tusiseme “maji ni maji.” Tutwae maji ya mvua, ya bomba na ya kisima, kiasi kile kile, tuyakaushe katika sahani tatu safi, tuone ni sahani gani imebaki na ukoko mweupe mwingi. Jaribio hilo halitatuambia ni chumvi gani, lakini litatuambia ni maji yapi yameshaingia na mzigo wake kabla sisi hatujaongeza mbolea. Kisha tupime uchachu wake kwa karatasi za pH, kwa sababu mboga nyingi katika kilimo hiki hupenda pH ya 5.5 mpaka 6.5, na maji ya visima mara nyingi huzidi hapo. Ikionekana kwamba maji ya mvua ndiyo bora, basi tutazame juu. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 600 hupokea lita 60,000. Hata zikipotea nyingi, zitakazobaki si haba, ila twahitaji mifereji na tangi, na hilo ni shauri la wakubwa.

Tano ni mbolea. Mwenye haraka atachukua urea ya shambani aitie pipani. Udongoni vijidudu huigeuza urea kuwa chakula cha mmea, lakini katika maji masafi ya mtambo vijidudu hivyo ni haba, na mboga huweza kulala njaa ilhali chakula kimejaa. Pia ziko chumvi zisizopatana. Ukichanganya myeyusho mkali wa kalsiamu na myeyusho mkali wa salfeti au fosfeti, glasi hugeuka nyeupe na unga kama wa chaki hutuama chini. Unga huo ndio chakula cha mmea kilichogeuka jiwe, nao huziba pampu. Ndiyo maana wenye ujuzi huweka vyombo viwili, kimoja cha kalsiamu na kingine cha zile nyingine, na huzichanganya katika maji mengi tu. Glasi moja katika maabara yaonyesha jambo hili kwa dakika moja. Pipa zima likionyesha, ni hasara ya muhula.

Sita ni vyombo na kokoto. Chupa nyeupe ikiachwa dirishani na maji ya mbolea, baada ya siku kadhaa huota utelezi wa kijani, yaani mwani, ambao hula chakula cha mboga. Chupa iliyopakwa rangi au iliyofungwa kwa kitambaa kizito haioti. Jaribio hili tumelifanya katika maabara yetu, na kila mtu aliona kwa macho yake. Kokoto nazo tuzidondoshee siki. Zikitoa povu zina chokaa, nazo zitaharibu pH siku kwa siku. Sisi tuna bahati, kwa sababu majabali ya Singida mengi ni matale, na matale hayana tabia hiyo. Lakini mchanga wa kingo za maziwa tusiuguse kabla ya kuuosha na kuupima, maana umelala katika chumvi.

Mwisho ni joto. Maji ya baridi hubeba hewa zaidi kuliko maji ya moto. Usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 20 yaweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni, lakini ya nyuzi 30 ni kama 7 na nusu tu. Nasi hatuko usawa wa bahari. Tuko kiasi cha mita 1,500 juu, ambapo hewa ni nyepesi, basi tupunguze kama asilimia 15 nyingine. Hesabu hii haiandikwi katika vitabu vya watu wakaao pwani. Kwa hiyo pipa letu liwekwe kivulini au lifukiwe nusu ardhini, na kipimajoto kitiwe ndani yake asubuhi, adhuhuri na jioni kwa juma zima, kabla ya mche mmoja kupandwa.

Hayo yote, Ndugu Mhariri, ni majaribio madogo. Mengi yanahitaji ndoo, saa, rula na subira. Lakini kuna jambo moja lililo gumu kuliko yote, nalo ni kuandika yaliyoshindwa. Sisi wanafunzi tumezoea kwamba jibu lisilo sahihi hupata sifuri. Kwa hiyo mtu akijaribu maungio matano na manne yakavuja, huandika habari za lile moja na kuyaficha manne. Kidato kitakachotufuata kitayarudia yale manne, kitapoteza gundi ile ile na maji yale yale. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha jaribio huwaumbua wadogo zake.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba, wengi tunalikumbuka hilo na kulinung'unikia. Lakini pia alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao, waweke hesabu na kumbukumbu zake, na wajifunze kutokana na makosa yao. Shamba ambalo mwanafunzi hupewa jembe tu, bila kuulizwa wala kuandika, silo alilolitaja. Mtambo wetu nao ni shamba. Ukiungwa na fundi mmoja au wanafunzi wawili hodari kwa haraka ya sherehe, sisi wengine tutakuwa watazamaji kama wageni.

Sasa nijibu hoja za wenzangu, kwa sababu si watu wajinga, na baadhi ya maneno yao yana uzito.

Wanasema majaribio yatakula muda, na sisi wa Kidato cha Tatu tutaondoka kabla ya kuonja mchicha. Inawezekana. Lakini aliyepanda mwembe mbele ya bweni letu hakungoja embe zake. Tena majaribio haya hayafuatani yote kama shanga katika uzi. Kundi moja laweza kupima pampu siku ile ile kundi la pili linapopima maji na la tatu linapotazama chupa. Tukigawana vema, muhula mmoja watosha.

Wanasema pia tunapoteza maji kwa kujaribu, ilhali jikoni hakuna. Hoja hii naikubali kabisa. Basi maji ya kujaribia mabomba na pampu, ambayo hayajatiwa mbolea, yasimwagwe. Yarudishwe katika ndoo na kunyweshea miti na bustani. Na yale yaliyotiwa mbolea yapelekwe katika migomba na mipapai, wala yasiachwe mahali ambapo mtoto au kuku atayanywa.

Wako wanaosema kwamba jambo lote ni mchezo, maana mchicha huota ardhini bila pampu. Nao nawaheshimu. Alizeti, mtama, uwele na vitunguu vya Singida vitaendelea kuota udongoni, wala hakuna mwenye akili atakayevihamishia katika bomba. Hoagland na Arnon wenyewe hawakusema vinginevyo. Mtambo wetu ni wa mboga za majani katika miezi ya kiangazi, karibu na jiko, basi. Na kama majaribio yakionyesha kwamba gharama ya kilo moja ya mboga imezidi ya sokoni, tuwe tayari kuyasema hayo pia, tuyaandike kwa wino mweusi, na shule nyingine zipone.

Katika jangwa la Algeria, karibu na Tindouf, wakimbizi wa Sahara Magharibi wamekuwa wakiotesha majani ya shayiri kwa maji tu, kwa ajili ya mbuzi wao, wakisaidiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mtambo wa kwanza ulikuwa wa kisasa, ndani ya kontena, na wa bei kubwa. Wenyeji walijaribu, wakapunguza, wakabadilisha, mpaka wakapata vibanda vya bei nafuu vilivyojengwa kwa vitu vinavyopatikana pale pale. Jangwa lao ni kali kuliko kiangazi chetu. Kilichowasaidia ni kutoridhika na mtambo wa kwanza kwa sababu tu ulikuwa mzuri machoni.

Na siku ya wazazi? Mimi sioni aibu mgeni kukuta mtambo haujasimama. Tuweke meza ndefu chini ya mti. Juu yake tupange maungio yaliyovuja na yaliyoshika, sahani tatu zenye ukoko wa chumvi, chupa ya kijani na chupa safi, glasi yenye unga wa chaki, na daftari la majaribio likiwa wazi. Kila mwanafunzi asimame mbele ya jaribio lake na kulieleza kwa Kiswahili ambacho bibi yake atakifahamu. Mzazi ambaye ni fundi bomba huenda akatuonyesha gundi bora. Mzazi mwenye bustani ya vitunguu huenda akatuambia habari za kisima chake. Tangu Young Scientists Tanzania ilipoanzishwa mwaka 2011, shule za sekondari zimepata mahali pa kupeleka uchunguzi wao Dar es Salaam, na huko waamuzi humwuliza mwanafunzi alipimaje na alijuaje. Meza kama hii itatufanya tuwe na la kujibu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwa wanafunzi wenzangu, tununue daftari moja gumu, kila jaribio liandikwe tarehe, saa, aliyelifanya, alichotumaini na alichokiona, wala ukurasa usichanwe. Kwa walimu wetu, mtupe alama kwa upimaji wa kweli, hata pale kifaa kiliposhindwa, ili tusijifunze kuficha. Kwa wazazi wetu, mkija msituulize kwanza, “Mboga ziko wapi?” Tuulizeni, “Mmepima nini, na mmeona nini?” Tukishindwa kujibu hilo, basi hapo mna haki ya kudai michango yenu.

Mkutano ujao wa chama ni wa kukata shauri hili. Natumaini wengi watakuja, na kila mmoja atasema alilo nalo bila kuogopa.

Wenu katika masomo,

Mwanachama wa Chama cha Sayansi,
Kidato cha Tatu.